Zizi Lisiloshukuru

Habari hii nilipewa na mchuuzi wa chumvi aliyeingia nchi ya Ushukuru akatoka, nami naitoa kama nilivyoipokea. Atakayesema nimeongeza chumvi na aende mwenyewe akaonje.

Katika nchi ile hakuna neno la kikohozi. Zamani walikuwa nalo kama watu wengine, kisha wakalitupa. Wanasema alikuwako Mtukufu mmoja aliyependa kulisha nguruwe wake kwa mkono wake mwenyewe, ili wananchi waone kwamba hana makuu. Asubuhi moja alipomimina pumba kihorini, nguruwe waliinuka kwa kishindo, na walipoinuka wakaanza kukohoa, ko, ko, ko, kikohozi kile kikavu cha mnyama ambaye mapafu yake yameingiliwa. Maana ndivyo ugonjwa ule ulivyo. Mnyama akilala humwoni na kitu. Mwinue ale, au mkimbize kidogo, ndipo kifua kinaposema. Mtukufu akauliza, "Wana nini hawa?" Waziri aliyesimama karibu naye, mtu ambaye hakuwahi kutoa habari mbaya tangu azaliwe, akajibu, "Wanashukuru, Mtukufu." Mtukufu akafurahi, na jibu la mwoga mmoja likawa sheria ya nchi nzima.

Tangu siku hiyo nguruwe wa Ushukuru hawakohoi. Wanashukuru. Na sheria nayo haikai tasa, ikazaa nyingine. Mazizi yaliamriwa yazibwe kwa udongo pande zote mpaka kwenye paa, upepo usije ukazipeperusha shukrani kabla hazijafika kunakohusika. Watoto wa nguruwe walipoachishwa ziwa hawakuachwa wakue makwao. Walikusanywa kutoka kila nyumba wakasongamana katika banda moja refu liitwalo Chekechea, pua kwa pua, wafundishane adabu. Baadaye walirudishwa kila mmoja kwao, mbavu nje, wakishukuru kama watu wazima. Mwenye nguruwe aliyelalamika kwamba wamedumaa aliambiwa elimu si lelemama. Nyumba yenye shukrani nyingi ilipakwa chokaa mlangoni, na nyumba iliyo kimya ilipelekewa dume.

Dume huyo aliitwa Baba Ahsante. Alikuwa mnene, mtulivu, ngozi inang'aa, na ungemwona amelala ungesema hakuna mnyama mwenye afya kumshinda. Serikali ilimchagua kwa sababu alishukuru kila alipoamka, hakuruka hata siku moja. Aliyemwongoza nyumba hadi nyumba kwa kamba ya katani alikuwa Tasilo, Msikizi wa tarafa.

Kazi ya Usikizi ilikuwa ya heshima. Tasilo alifika wakati wa kulisha, akasimama mlangoni pa zizi, akatega sikio. Akikuta kimya, alimwingiza Baba Ahsante. Dume alipita kizimba kwa kizimba akinusana na wenyeji, akala katika kihori chao, akapanda majike, akalala nao siku kadhaa, kisha Tasilo akaja kumchukua na viatu vyake vile vile vya tope la mazizi yote, wakaenda nyumba ya pili. Kabla mwezi haujaisha, nyumba ile ya kwanza ilikuwa inashukuru. Watu walisema Tasilo ana mkono wa heri. Naye aliamini, tusimsingizie. Alikuwa mtu mwema kwa namna ile ya watu wema wanaopenda kusifiwa.

Zizi moja tu katika tarafa yake lilikuwa halijawahi kushukuru, na lilikuwa la dada yake.

Osmunda aliishi ng'ambo ya korongo, juu ya kilima chenye upepo. Wazazi wao walikufa Tasilo akiwa bado anatambaa, na ni huyo dada aliyemlea kwa jasho la nguruwe: akiuza watoto wa nguruwe, mdogo wake anapata kanzu, akiuza tena, anapata shule. Ukoo ule wa nguruwe ulikuwa bado hai mikononi mwake. Jike mkubwa wa sasa aliitwa Subira, na alikuwa na mimba. Zizi la Osmunda lilikuwa la fito, hewa inapita kama inavyotaka, na kila alipotakiwa kupeleka watoto wa Subira Chekechea alisema bado wadogo, hata walipokuwa wakubwa kumshinda mjumbe aliyetumwa. Tasilo alijua. Kwa miaka mingi alipita chini ya kilima kile akiangalia upande wa pili, na hilo, kwa maoni yangu, ndilo jambo jema alilolifanya katika utumishi wake wote.

Kisha ukaja msimu wa baridi, na nguruwe wa Ushukuru wakaanza kufa.

Hawakufa wote kwa pamoja. Walianza wale wadogo waliotoka Chekechea, wakihema kwa tumbo, pua zimejaa uchafu, masikio yamegeuka rangi ya zambarau. Halafu wakafuata majike. Kifua kilichokwisha kudhoofika hakihitaji kusukumwa sana. Watu waliingia kwenye yale mazizi yao ya giza yasiyo na tundu wakatoka wameshika miguu ya mizoga, na milango yao ilikuwa myeupe kwa chokaa.

Baraza likaitishwa. Mkuu wa Shukrani, Bwana Chengula, alifungua kikao kwa kukohoa mara tatu kwa madaha, kama itifaki inavyotaka, nao wajumbe wakamjibu kwa kukohoa mara moja. Mjadala ulikuwa mkali. Kulikuwa na chama cha Wakavu, waliodai kwamba shukrani ya kweli ni ile kavu, na kwamba nguruwe wanakufa kwa sababu siku hizi wanashukuru kwa makamasi, jambo ambalo ni ukosefu wa malezi. Chama cha Wabichi walijibu kwamba makamasi ndiyo ushahidi wa moyo uliojaa, na kwamba Wakavu ni wanafiki wanaotaka shukrani za mdomoni. Walibishana mpaka wakapandiana mezani. Mtu mmoja tu, mfugaji aliyekuwa amefukia nguruwe wake wa mwisho siku hiyo, na udongo bado uko kwenye kucha zake, aliuliza swali la maana.

"Mheshimiwa, mimi siongei ya ukavu wala ubichi. Nauliza, mbona wanakufa?"

"Wanazidiwa," alisema Chengula kwa upole. "Moyo ukijaa shukrani kupita kiasi, hupasuka. Wako walikufa kifo cha heshima, ndugu yangu."

"Na kule ng'ambo ya korongo? Mbona kule hawafi?"

Tasilo, aliyekaa kwenye benchi la Wasikizi, alihisi shati linamnata mgongoni. Chengula alifikiri kidogo, na alipofikiri uso wake ukakunjuka, kwa sababu alikuwa amepata mtu wa kulaumiwa, na kiongozi aliyepata mtu wa kulaumiwa amepumzika.

"Ahaa," akasema. "Hawafi kwa sababu hawashukuru. Wanajibania. Mzigo wa shukrani wa nchi nzima wamewaachia nguruwe wenu, ndiyo maana unawaelemea. Wahenga walisema, samaki mmoja akioza, wote huoza. Samaki wetu yuko kilimani." Kisha akamgeukia Tasilo. "Msikizi, nasikia ni ndugu yako. Tukufukuze kazi, au umpelekee dume?"

Sasa, kabla ya kujibu, Tasilo alifanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Alizipanga nyumba zilizofiwa akilini mwake, moja baada ya nyingine, tangu ya kwanza, akaona kwamba zilifuatana kama alivyozifuata yeye na kamba yake. Penye njia panda alipokata kushoto, na kifo kilikata kushoto. Nyumba aliyoiruka kwa sababu ya mvua, kifo nacho kiliiruka, na alipoirudia kikairudia. Mtu mzima hahitaji kuambiwa zaidi. Alijua pale pale, kwenye benchi, mbele ya watu wote, na ulimi wake ulikuwa huru.

Akakohoa kwa adabu. "Nimesikia, Mkuu. Nitampelekea."

Osmunda alimwona anapanda kilima na Baba Ahsante nyuma yake, akaacha kukata majani akaja kusimama kwenye lango la fito.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Tasi. Mbona umeniletea bwana harusi bila hata barua ya posa? Huyu si wa kwetu. Tena anaumwa."

"Anashukuru, dada."

"Sema tena, sijasikia vizuri."

Dume, kwa kuwa alikuwa amepandishwa mlima, alisimama akainamisha kichwa akakohoa mpaka mbavu zikacheza.

"Hicho ni kikohozi," alisema Osmunda.

"Dada, neno hilo usilitaje, nakuomba."

"Nisilitaje kwani limekutukana? Ulipokuwa mtoto ulikipata wewe, kikakubana mpaka ukawa wa bluu. Nilikuchemshia majani, nikakuweka dirishani upate hewa. Sikuita majirani waje wasikie mdogo wangu anavyoshukuru. Leo umevaa viatu vya serikali ndiyo umesahau kilichotaka kukuua?"

"Sijasahau."

"Basi."

"Wanasema nguruwe wanakufa kwa ajili yako. Usipompokea huyu watakuja wenyewe, watawasomba wote Chekechea, na wewe watakuhamisha. Nakulinda, dada. Na wahenga wamesema, mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Apone nini? Kwani mwenyeji anaumwa?"

Osmunda alimkaribia, na sauti yake ikabadilika, ikawa ile ya zamani ya kumbembeleza mtoto anywe dawa.

"Nisikilize, Tasi. Mfunge pale bondeni, mpe majani, akae siku zake. Kisha rudi kawaambie aliingia. Mimi nitasema aliingia. Nani mwingine atajua? Subira ana mimba, mwanangu. Akikipata sasa atakufa nacho, na watoto watakinyonya. Hawa ndio waliobaki. Nchi nzima hii, wazima ni hawa tu."

Alikuwa hajamwita mwanangu tangu alipoota ndevu. Kwa muda mdogo kamba ililegea mkononi mwa Tasilo, na mchuuzi wangu anasema (alisimuliwa na Osmunda mwenyewe) kwamba kama upepo tu ungevuma kwa nguvu kidogo kutoka upande unaofaa, pengine angegeuka. Lakini alifikiri kidogo, na alichofikiria ni kwamba Chengula angekuja kusikiliza kwa masikio yake mwenyewe, akute kimya, amwulize Msikizi alikuwa wapi. Akaona benchi lake limekaliwa na mwingine.

"Wakija wakute hawashukuru, nitasema nini?"

"Sema ukweli."

"Ukweli gani, dada? Neno lenyewe halipo."

Akanyoosha mkono juu ya bega la dada yake akafungua lango.

Nguruwe hana hiana na mgeni. Subira aliinuka na tumbo lake zito, akaja mpaka kwenye fito, akaingiza pua, na Baba Ahsante akaleta yake. Walinusana. Hakuna kilichoonekana kupita kati yao isipokuwa pumzi. Osmunda alimfukuza jike kwa kelele na kwa mundu, lakini alikuwa amekwisha kunusa, na wengine walikuwa wanakuja.

Zikapita siku za kutosha kwa ugonjwa kukaa kitako. Tasilo alirudi kusikiliza, kama kazi yake ilivyomtaka. Alimkuta dada yake anamimina pumba. Nguruwe wakainuka, na kwanza alisikia midomo tu na vurugu za kugombania chakula, akadhani, kwa furaha aliyoionea aibu, kwamba Mungu ameliepusha zizi lile. Halafu akakohoa mmoja kwenye kona. Akapokea mwingine. Kisha Subira, aliyekwisha kuzaa, akasimama juu ya wanawe akakohoa kwa muda mrefu, na wadogo wale wakaachia chuchu wakasubiri amalize. Osmunda hakugeuka. Aliendelea kumimina mpaka ndoo ikaisha, akaikung'uta, akaingia ndani. Tasilo alisimama peke yake kwenye upepo wa kilima, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake alitamani kuwa kiziwi.

Alikwenda kuripoti siku hiyo hiyo.

Furaha iliyofuata siwezi kuieleza bila hasira. Chengula alitangaza sikukuu. Watu ambao mazizi yao yalikuwa matupu walikuja uwanjani kushangilia, kwa sababu waliambiwa sasa mzigo utagawanyika na vifo vitakoma, na mtu aliyefiwa ni rahisi kumwuzia matumaini. Wakavu na Wabichi walikaa benchi moja. Baba Ahsante alisimamishwa jukwaani amevikwa kilemba, akishukuru. Pembeni mchuuzi wangu alikuwa ametandika gunia lake la chumvi, biashara inaenda, maana nchi yenye mizoga mingi hununua chumvi nyingi.

Osmunda aliletwa mbele. Subira alikuwa amekufa juzi yake, na kati ya watoto wake, waliobaki walikuwa wachache, wamekaa kama mbwa, vichwa juu, wakitafuta hewa. Hili kila mtu alilijua, na lilihesabiwa kuwa heshima zaidi. Chengula alimvisha utepe mweupe.

"Hata jiwe limeshukuru!" alisema, na uwanja ukacheka kwa upendo. "Sasa mama, tuambie kwa mdomo wako. Nguruwe wako wana nini?"

Osmunda alitazama uwanja wote, mpaka nyuma kabisa, kisha akasema bila kupaza sauti:

"Nguruwe wangu wana kikohozi. Na wenu wana kikohozi. Sote tumepewa kikohozi, na aliyetupa ni huyu hapa."

Akamnyooshea kidole Baba Ahsante.

Watu wakatazamana. Wana nini? Wamepewa nini? Vijana hawakuwahi kulisikia neno lile, na wazee waliolikumbuka walianza kutafuta kitu chini, miguuni mwao. Lakini ilikuwa saa ya hatari kwa Chengula, kwa sababu yule mfugaji aliyeuliza swali Barazani alisimama, akawa analirudia neno polepole, akilionja, ki-ko-ho-zi, kama mtu anayeifahamu sura lakini jina limempotea. Wengine wakamgeukia. Jambo moja tu lilikuwa limebaki, mtu aseme maana yake, na uwanja ule ungejua ni nini kilichoingia kwenye mazizi yao, na kilipita njia gani.

"Msikizi!" Chengula aliita. "Huyu ni dada yako. Lugha ya kilimani unaijua. Neno hilo maana yake nini?"

Tasilo alisimama. Macho ya nchi yalikuwa kwake, na macho ya dada yake, ambayo hayakuwa na hasira. Hilo ndilo lililomwumiza zaidi, alikuja kusema baadaye: dada alikuwa anamtazama kama siku ile ya shule alipomwambia, simama wima, mwanangu, sema unachokijua.

"Ni neno la zamani la kwetu, Mkuu," akasema Tasilo. "Maana yake ni ahsante."

Uwanja ulilipuka. Mfugaji yule akakaa chini polepole, akipiga makofi kwa sababu wenzake walikuwa wanapiga. Chengula alilirudia neno lile mara tatu, akalipenda, akasema limejaa mdomoni kuliko lile la kawaida, na papo hapo akaamuru kwamba kuanzia leo, mtu akipokea kitu kwa mwenzake katika nchi ya Ushukuru, aseme kikohozi.

Nilimwuliza mchuuzi, "Na wewe? Wewe neno ulilijua. Ulifanya nini?"

"Nilipiga makofi," alinijibu. "Nusu gunia lilikuwa halijauzwa."

Osmunda aliteremka jukwaani na utepe wake shingoni. Watu walimpisha, wakimgusa nguo kwa baraka. Alifika mbele ya mdogo wake akasimama, akakunja goti mbele yake kama wanawake wa kule wanavyofanya kwa mtu mkubwa wa serikali, yeye aliyembeba mgongoni.

"Kikohozi, Tasi," akasema.

Watu waliokuwa karibu walishangilia, wakamtazama Msikizi wakingoja. Na katika nchi ile, mtu akishukuriwa, ni lazima ajibu.

"Karibu, dada," alisema Tasilo.